Zamu ya Maji

Karatasi nne mezani, na kalamu ya risasi.
Februari. Bati la Kiboroloni linaalika kwa joto
hata jua likiwa limeshazama.

Kiwanda kimesema: kuanzia Machi mosi
fundi haingii getini kwa jina lake.
Ataingia kwa jina la Kivuli Huduma,
ofisi Njiro, Arusha, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vioo.

Miaka kumi na moja nimeisikiliza mashine ya kukoboa kahawa.
Naijua ikikohoa kabla haijaumwa.
Sasa niisikilize kwa niaba ya watu
wasiojua hata inanguruma vipi.

“Ni mwavuli tu, dada,” Nashipai aliniambia kwenye simu,
sauti laini, sauti ya mtu aliyekwisha kula.
“Wewe kazi, sisi makaratasi.”

Mwavuli. Wangu upo nyuma ya mlango, njiti mbili zimevunjika.
Wawili wakitembea chini ya mwavuli mmoja,
bega linalolowa
ni la yule asiyeshika mpini.

Basi nikapiga hesabu.
Kiwanda kitatoa milioni moja na laki sita.
Toa ada ya mwavuli.
Toa kodi.
Toa mfuko wa hifadhi, sehemu yangu,
kisha sehemu ya mwajiri, nayo ndani ya chungu hichohicho,
kana kwamba mwajiri ni mimi nikijiajiri kwa siri.
Inabaki milioni moja na elfu kumi na kitu.
Nikarudia, labda nimekosea.
Sikukosea.

Lakini Ainaeli alikataa mwavuli.
Alichukua namba yake ya mlipakodi, mashine yake ya risiti,
akawa kampuni ya mtu mmoja, mkurugenzi na mfagizi.
Ankara yake ya Agosti ililipwa Desemba.
Oktoba alianguka kwenye ngazi,
na hakukuwa na mtu wa kumwandikia barua ya likizo
isipokuwa yeye mwenyewe,
kwa mkono wa kushoto.

Na Kundaeli alisaini bila kusoma.
Kundaeli ana bima. Mtoto wake kafanyiwa upasuaji wa sikio
na hakuuza hata kuku.
Hilo nalo liandikwe.

Jumamosi nikapanda Kidia kwa mama.
Zamu yetu ya mfongo ilianguka saa tisa usiku.
Nikakaa kwenye kingo na tochi, jembe mapajani,
mtaro mkavu, vyura kimya.
Maji hayakuja.
Saa tisa na nusu nikaufuata mfereji kwenda juu,
nikakuta lango la jirani wazi, migomba yake imesimama kwenye tope,
mwenyewe kalala.
Maji ni ya mlima, lakini njia ni ya watu.

Mama hakushangaa. Alikuwa akichochea moto.
“Sikugombana naye kwamba maji yapite kwake,” akasema.
“Lazima yapite kwake.
Niligombana juu ya saa.”

Nikarudi mjini na hilo tu mfukoni.

Karatasi ya tatu, kifungu cha tisa:
*Kampuni itamlipa mtaalamu baada ya kampuni kulipwa na mteja.*
Nimekisoma mara nne. Hakina tarehe.
Ada naweza kuimeza. Sehemu ya mwajiri
nitaimeza kwa maji mengi.
Lakini lango lisilo na saa,
hapana.

Nimekikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka.
Pembeni nimeandika: tarehe ishirini na tano ya kila mwezi,
mteja awe amelipa, awe amelala.
Sijasaini chini. Nimesaini hapo pembeni tu,
herufi ndogo.

Wakikubali, nitavaa jina lao getini.
Wakikataa, nitamuuliza Ainaeli
mashine ya risiti inauzwa wapi,
na ngazi nitanunua mpya.

Kesho basi la saa kumi na mbili, Njiro.
Mwavuli wangu nitaubeba,
na njiti zake mbili zilizovunjika.